Mia Tisa na Hamsini

Kemi, mwezi wa pili, digrii ishirini na mbili chini ya sifuri.
Nafungua gereji kwa bega, barafu imeung'ata mlango,
na Volvo yangu ya mwaka themanini na tisa,
sanduku jekundu lenye turbo ya kuokoteza,
inakohoa mara mbili, inashika,
kisha inaanza ugonjwa wake:
mia sita, elfu moja na mia,
mia sita, elfu moja na mia,
sindano ya geji inapanda na kushuka
kama mtu anayetaka kusema jambo, akaghairi.

Nimebadilisha plagi. Nimebadilisha koili.
Nozeli mpya, zile kubwa, nimezisafisha moja moja
kama ninavyosafisha meno ya watu kliniki:
panua, taa kali, pole, tumemaliza.
Silinda ya tatu bado inamisi.

Jirani yangu Ilpo, fundi mstaafu wa meli za kuvunja barafu,
anasema kompyuta ndiyo mchawi.
"Sisi tuligeuza skrubu moja,
tukasikiliza, tukanywa kahawa."
Simjibu. Usiku nakaa kiti cha abiria,
kompyuta mapajani, glavu nimezikata ncha,
najifunza kusoma jedwali la petroli:
kumi na sita kwa kumi na sita,
visanduku mia mbili hamsini na sita,
na kila kimoja kinauliza lile lile:
kwa hewa hii, kwa mzunguko huu, nimwage kiasi gani?

Naongeza tatu hapa. Injini inatulia, pumzi mbili.
Napunguza mbili pale. Inazimika.
Haba na haba hujaza kibaba;
changu kinavuja.
Wiki tatu nililipaka rangi jedwali lile,
kijani, njano, milima na mabonde,
nikaliona zuri, nikalihifadhi kwa jina "mwisho",
kisha "mwisho kabisa",
kisha "mwisho wa saba".
Kulipokucha na baridi, gari halikulitambua hata moja.

Jumamosi akaja Senja, mjukuu wa Ilpo, miaka kumi na minne,
kurudisha pampu ya kujazia godoro.
Akasimama, akasikiliza,
akauliza kama mtu anayeuliza saa:
"Una hakika hewa yote inapitia mlangoni?"

Tukaazima sanduku la babu yake la kukaushia samaki,
tukachoma vumbi la mbao,
tukausukuma moshi kwa pampu ileile hadi kooni mwa injini,
tukazima taa.
Kitambo, hakuna kitu.
Kisha nyuma kabisa, chini ya manifoldi,
pasipofika mkono wala jicho,
uzi mwembamba wa kijivu ukapenya kwenye mwanga wa tochi,
ukapanda bila haraka,
ukinuka samaki.

Mpira wa euro mbili. Ufa wenye urefu wa ukucha.

Kumbe wiki tatu naifundisha kompyuta kuusitiri ufa!
Yenyewe haikukosa. Ilihesabu waliobisha hodi;
aliyeingia dirishani hakuna aliyemtaja.

Nikafunga mpira mpya, na hali ikazidi kuwa mbaya.
Moshi mweusi, injini inapaliwa:
ile petroli yangu yote ya huruma,
visanduku vyangu vya kijani.
Nikafuta. Wa saba, wa sita, wa tano.
Nilipofika "mwisho" wa kwanza kidole kikasita kidogo.
Kikafuta.

Leo mia tisa na hamsini.
Siyo laini. Kamshafti hii ni kali,
gari litachechemea maisha yake yote, na mimi nimekubali.
Ilpo ameweka kikombe chake juu ya injini,
anakitazama. Kahawa inatetemeka, inachora duara,
haimwagiki.
Anainywa yote, hasemi neno kuhusu skrubu.
Senja anauliza jedwali jipya linaitwaje.
"Samaki," namwambia,
na kweli, kila nikiwasha hita,
gari zima linanuka chakula cha mchana.